Binti Watano Mlangoni pa Hema
(Hesabu 27:1–11)

Ndugu Wakristo wa Kibiti na wa delta, toka Nyamisati hata Mbwera, wapendwa katika Bwana.

Twasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani, wala hakuacha mtoto wa kiume. Na kwa desturi ya siku zile jina lake na urithi wake vingalipotea. Binti hawa hawakung'oa mipaka ya mtu usiku. Walikwenda mchana, wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote, wakasema neno lao. Musa hakuwafukuza, wala hakujifanya kuwa ajua yote. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Naye Bwana akahukumu ya kuwa dai lao ni la haki, na sheria ikatengenezwa kwa ajili yao na kwa vizazi vyote.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, palikuwa na mlango. La pili, mwenye mamlaka alikubali kuulizwa.

Watu wa Rufiji, ninyi mwayafahamu haya. Mafuriko yakija, kama yale ya mwaka 2024, maji hufuta mipaka ya mashamba ya mpunga. Yakiisha kupungua, jirani wawili husimama juu ya tope moja, kila mmoja akisema, Hapa ni pangu. Ndipo wazee huwaketisha, huwasikiliza wote wawili, na kuwauliza mashahidi. Lakini tuseme wazee wangetoa amri ya kuwa aliyekwisha kusimika dungu lake shambani asiulizwe tena na mtu ye yote. Je, ugomvi ungekwisha? La, ungetoka barazani tu, ukaenda kwenye panga.

Katika nchi yetu amri ya namna hii ipo juu ya jambo kubwa. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 41, fungu la 7, imeweka ya kuwa Tume ya Uchaguzi ikiisha kumtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama iwezayo kuchunguza kuchaguliwa kwake. Uchaguzi wa mbunge waweza kupingwa Mahakama Kuu; wa Rais hauwezi. Mwaka 2018 wakili Jebra Kambole alilipeleka neno hili katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 15 Julai 2020 mahakama hiyo iliamua ya kuwa fungu lile lavunja haki ya mtu kusikilizwa, tena labagua, ikaiagiza serikali irekebishe. Walakini hata uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulipofika, lilikuwa halijarekebishwa. Na siku zile damu ya watu ilimwagika katika nchi. Sisemi ya kuwa fungu moja la sheria ndilo lililoleta msiba wote. Nasema hivi: mwenye uchungu asipoonyeshwa mlango, hutafuta dirisha.

Wako wasemao, Mamlaka yatoka kwa Mungu, basi yasiulizwe. Lakini Mtume aliyewaandikia Warumi neno hilo alimwita mwenye mamlaka mtumishi, na mtumishi hutoa hesabu. Tena mtume huyo huyo, alipoona haki yake inapotea, alidai hukumu ya Kaisari (Matendo 25). Hakuona kuwa ni uasi.

Walakini mlango una masharti kwa pande zote mbili. Huko Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais. Rais Uhuru Kenyatta alisema hakubaliani na hukumu, lakini ataiheshimu. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakimu wote saba walilikataa dai la Raila Odinga. Naye kadhalika alisema hakubaliani, lakini aiheshimu. Hata binti za Selofehadi, jamaa zao walipokuja na neno lao wenyewe (Hesabu 36), walisikilizwa nao, na binti wale wakatii. Atakaye mlango na awe tayari kutoka humo ameshindwa.

Basi, wainjilisti, wafundisheni watu hivi. Atiaye sahihi yake chini ya hesabu ya uongo ya kura avunja amri ya nane. Asemaye ya kuwa kura zimeibwa, naye hana ushahidi, avunja amri iyo hiyo. Na sisi sote, pamoja na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, tuombe mchana, kwa majina yetu, mbele ya watunga sheria, ya kuwa mlango uliofungwa ufunguliwe. Kuomba hivyo si fitina. Binti watano walifanya hivyo, na Mungu aliwapa haki.

Bwana awape wakuu wetu moyo wa Musa, asiyeogopa kuulizwa. Nasi atupe saburi na ulimi wa kweli. Amina.