Matuta ya Mama na CV Yangu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimekulia Kwai, kule juu ya Magamba kwenye njia ya kwenda Lukozi, na methali hiyo nimeisikia tangu enzi za kufunga kamba matenga ya karoti yanayoteremshwa Mombo kwenda Kariakoo. Nilipoingia Dar es Salaam kutafuta kazi nikaambiwa kinyume chake: kijana, jitembeze! Na chombo cha kujitembezea ni karatasi mbili tu, ziitwazo CV.

Mshikaji wangu mmoja, ambaye amewahi kufanya kazi kwenye mashirika ya kimataifa, alinikalisha kwenye steshenari moja Sinza akanipa somo.

"Toa picha. Toa dini. Toa shule ya msingi. Kila mstari uanze na kitenzi: niliongoza, nilisimamia, nilianzisha. Kitenzi kifuatwe na namba. Lisome tangazo la kazi, maneno wanayoyatumia wao ndiyo uyatumie na wewe. Halafu acha huo ushamba wa kusema 'sisi'. Hakuna shirika linalomwajiri 'sisi'."

Ndugu msomaji, somo lile ni zuri, na kama unatafuta kazi huko lishike. Anayechambua maombi ana lundo mezani, na hana muda wa kukutafuta wewe ndani ya maelezo marefu. Tangu Wamarekani walipoifunga USAID, Julai 1, 2025, watu wenye uzoefu wa miaka mingi nao wamerudi mtaani na bahasha zao. Ushindani ni noma. Kwa hiyo nikaandika, kwa kitenzi na namba:

"Niliwajengea uwezo wakulima 214 wa Lushoto katika kilimo cha matuta."

Mshikaji akapiga makofi. Mimi usiku sikulala.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwa miezi mitano nilijitolea kwenye mradi mmoja kule kwetu. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari la mahudhurio, kugawa soda, na kutafsiri pale mtaalamu alipoongea Kiswahili cha vitabuni na bibi zetu wakajibu kwa Kishambaa. Hiyo 214 sikuitunga, ni idadi ya saini daftarini. Lakini wapo waliosaini semina tatu, wakahesabiwa watu watatu. Na mojawapo ya saini hizo ni dole gumba la mama yangu mzazi.

Hebu fikiri: nimemjengea uwezo mama! Mama ambaye alikuwa anachimba matuta na kupanda majani ya guatemala kwenye kingo zake kabla mimi sijazaliwa, enzi za SECAP, ule mradi wa kuhifadhi udongo uliofadhiliwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1981 hadi 2000. Mgongo wake umepinda kwa jembe, si kwa semina yangu.

Nikaanza kuona kwamba jambo hili si langu peke yangu. Usambara ni milima iliyoandikwa sana kwenye wasifu wa watu wengine. Hapo Kwai Wajerumani walikuwa na shamba la majaribio ya kilimo na mifugo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Majina ya mabwana wa shamba yamo vitabuni. La Mshambaa hata mmoja aliyelima pale sijawahi kulisikia. Baadaye wakaja Waingereza na mpango wao wa Mlalo, mwaka 1946, wa kuwalazimisha watu kulima kwa matuta. Wananchi, na hasa akina mama waliobebeshwa mzigo wa jembe, waliukataa, na kabla ya uhuru ukafa. Nina hakika yuko bwana shamba aliyerudi kwao akaandika kwamba alisimamia uhifadhi wa udongo Usambara. Na kwa kitenzi na namba, hakusema uongo.

Nilipomweleza mshikaji, alinicheka. "Wewe unaleta uungwana sokoni! Kila mtu anafanya hivyo. Ukijishusha, nafasi inachukuliwa na aliyejikweza, na wewe utabaki na ukweli wako na njaa yako." Akaongeza neno ambalo sikuweza kulipuuza: "Na kujishusha nako ni uongo. Ulitafsiri semina nzima kwa Kishambaa, ukaandika 'nilisaidia'. Huo ni ukweli?"

Hapo alinibana, maana ni kweli. Sisi tuliolelewa kwa adabu ya kutojisifu tunaficha hata kile tulichofanya kwa mikono yetu, halafu tunalalamika hatuonekani. Mtu anayesoma CV hanijui. Nisipomwambia, nimemnyima habari anayostahili kupewa.

Lakini hoja ya "kila mtu" naikataa, na sababu si woga. Najua fomu ya Umoja wa Mataifa, ile iliyotumika miaka mingi kwa jina la P.11, inamtaka mwombaji atie saini kuthibitisha kwamba aliyoyajaza ni kweli, na akibainika amedanganya anaweza kufukuzwa. Sawa. Ila kuogopa kukamatwa si maadili. Hata mwizi wa kuku anaogopa kukamatwa.

Sababu yangu ni kwamba ile namba haikai kwenye CV peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye ripoti. Ripoti ikisema wakulima 214 wamejengewa uwezo, basi kwa karatasi kazi imekwisha, na fedha zinahamia wilaya nyingine. Aliyesaini mara tatu kwa sababu ya nauli na soda, na shamba lake bado linaporomoka kila masika, ameshafutwa kwenye orodha ya wenye shida. Nani atamrudia? Mimi nitakuwa nimepanda cheo kwa udongo wake ulioteremka mtoni.

Kwa hiyo niliufuta ule mstari nikaandika mwingine: "Nilitafsiri semina 9 za kilimo kati ya Kiswahili na Kishambaa, na kutunza daftari la mahudhurio lenye saini 214." Kitenzi kipo na namba ipo. Mshikaji aliusoma akasema si mbaya, tena Kishambaa huenda wengine hawana. Kisha nikampigia mama nikamsomea. Akacheka sana. Akauliza, "Na matuta nani kachimba?" Nikamjibu hiyo haiulizwi kwenye fomu. Akanyamaza kidogo, akasema basi nitume tu, Mungu atajalia.

Nimetuma. Hadi naandika haya sijaitwa kwenye usaili, na huenda aliyeandika "niliwajengea uwezo" ameshaitwa. Sitajifanya kwamba hilo haliniumi, kodi ya chumba inadaiwa.

Ila nina kipimo kimoja, nawaachia na ninyi mnaoandika CV usiku huu: chukua mstari unaojivunia zaidi, umsomee mtu mmoja kati ya wale uliowahesabu ndani yake. Je, unaweza?