Raha ya Mtu na Mapumziko ya Pomboo

Elimu ya fikihi, yaani elimu inayochambua hukumu za kidini kuhusu matendo ya waja, imejadili kwa kina kumla mnyama, kumchinja, kumwinda na kumtwisha mizigo, lakini imesema machache mno kuhusu kumtazama. Upungufu huo si wa ajabu, kwa kuwa kwa karne nyingi mtu wa pwani alipotia chombo chake majini alikuwa anakwenda kutafuta riziki au kusafirisha bidhaa, na kama njiani aliona kasa akiibuka kuvuta pumzi au kundi la pomboo likiruka mbele ya omo, hiyo ilikuwa ziada ya safari wala si lengo lake. Siku hizi kuna vyombo vinavyong'oa nanga mapema asubuhi bila nyavu wala mshipi, vikiwa vimebeba watu ambao hawamtaki pomboo kwa nyama yake wala kwa mafuta yake, bali wanataka kumwona tu na, ikiwezekana, kuogelea karibu naye. Swali linalozuka hapo ni la kidini na la kifalsafa kwa pamoja: je, mtu ambaye hakuua, hakujeruhi wala hakuchukua chochote anaweza kuwa amedhulumu?

Mahali panapofaa kulipimia swali hilo ni Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ambako msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu wenye pembe kali, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Watu wamekuwa wakiswali mbele ya bahari hiyo kwa zaidi ya miaka mia tisa, na bahari yenyewe ina pomboo wa aina mbili wanaoishi karibu na ufuko mwaka mzima. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo hao waliwindwa kwa chusa, na nyama yao ilikuwa chambo cha kuvulia papa. Utalii wa kuwatazama ulianza mwaka 1992, Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na taratibu pomboo aliye hai akawa na thamani kubwa kuliko aliyekufa. Ikiwa hesabu ingeishia hapo, mjadala wote ungefungwa kwa kumshukuru Mungu, na wapo wanaoufunga hivyo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Pomboo si samaki. Ni mnyama mwenye damu moto anayenyonyesha, ambaye hulazimika kuja juu ya maji ili apumue, na ambaye hulala kwa kuupumzisha upande mmoja wa ubongo huku upande wa pili ukikesha. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha kwa muda mrefu, kwa hiyo utulivu wa kundi kwake ni sharti la uzazi na wala si anasa. Tafiti zilizofanywa katika maji ya Kizimkazi na kuchapishwa mwaka 2007 na mwaka 2010 zilionyesha kwamba majike hubadili mwendo wao pale boti na waogeleaji wanapozidi, wakienda huku na huko bila mwelekeo, na kwamba mbele ya boti za watalii kundi hupunguza muda wa kupumzika na wa kutangamana, likaongeza muda wa kusafiri. Kwa lugha ya kawaida, mtu aliyekuja kupumzika amemnyima mwingine mapumziko, naye hana habari, kwa sababu kutoka juu ya boti mkimbio wa mnyama aliyesumbuliwa hufanana sana na mchezo wa mnyama aliyefurahi.

Jibu la haraka la kidini lingekuwa kuiharimisha starehe yenyewe, na jibu hilo ni baya. Sura ya An-Nahl, inapoorodhesha neema ambazo mwanadamu amepewa kwa mifugo, haiishii kwenye nyama, joto la ngozi na ubebaji wa mizigo, bali inataja pia uzuri ambao wenye mifugo huuona wanapoirejesha jioni na wanapoitoa asubuhi. Na katika sura hiyo hiyo bahari inatajwa kwa chakula chake kibichi, kwa mapambo yatolewayo humo, na kwa vyombo ambavyo mtu huviona vikiipasua. Kuona, basi, kumehesabiwa miongoni mwa neema, na anayesema kwamba Muumba hakukusudia mja wake afurahi kwa macho anaipunguza Qurani. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba jioni imetangulizwa kabla ya asubuhi, kinyume cha mpangilio wa siku, na wafasiri, akiwamo Zamakhshari, wamelieleza hilo kwa kusema kwamba uzuri wa mifugo hudhihiri zaidi inaporudi ikiwa imeshiba na viwele vimejaa. Ufafanuzi huo una uzito kuliko inavyodhaniwa, maana unaufungamanisha uzuri na hali njema ya anayetazamwa: kinachomburudisha mtazamaji ni shibe na utulivu wa mnyama, si taharuki yake.

Hapa mpinzani makini ataleta hoja ya umiliki. Atasema kwamba haki za wanyama katika fikihi zinamlazimu mwenye mnyama, na kwamba pomboo hana mwenyewe. Hoja hii haidharauliki, kwa sababu mwanazuoni aliyeziandika haki hizo kwa uwazi zaidi katika mazhabu ya Shafii, ambayo ndiyo mazhabu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ni Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, naye aliziandika akiwakusudia wanyama walio mikononi mwa watu. Katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam alitaja kwamba mnyama ana haki ya kulishwa hata akizeeka au akiugua hadi hana manufaa tena, haki ya kutotwishwa asichokiweza, haki ya watoto wake kutochinjwa mbele ya macho yake, na haki ya kutengenezewa vizuri mahali pake pa kupumzikia. Haki hii ya mwisho ingemfaa sana pomboo wa Kizimkazi, kama angekuwa na bwana.

Hata hivyo hoja ya umiliki inaanguka mbele ya hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud, inayohusu ndege wa porini ambaye wasafiri walimchukulia makinda yake mawili, naye akawa anapigapiga mabawa juu yao. Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemfadhaisha ndege huyo kwa sababu ya watoto wake, akaamuru warudishwe kwa mama yao. Ndege yule hakuwa mali ya mtu, wala hakuuawa, na kisa hakitaji jeraha lolote. Kosa lililoulizwa lilikuwa fadhaa yenyewe, na fadhaa ya mzazi mwenye watoto, ambayo ndiyo hali ya jike la pomboo anayezungukwa na boti huku mwanawe akiwa ubavuni. Ni vigumu kuona kwa nini hukumu ya nchi kavu isifike majini.

Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant, aliyefariki mwaka 1804, alilitazama jambo kama hili kwa upande mwingine, akashikilia kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, bali huepuka ukatili kwa sababu ukatili humkausha utu wake na kumfanya awe katili kwa watu pia. Nadharia hiyo ina ukweli kiasi, lakini inamgeuza mnyama kuwa chombo cha mazoezi ya tabia njema, na haiwezi kueleza kwa nini makinda yalirudishwa kwa mama yao badala ya wasafiri kutakiwa watubu tu.

Jibu la kina zaidi limo katika maandiko ya Ikhwan al-Safa, jumuiya ya wanafikra waliokuwa Basra katika karne ya 10, ambao katika mojawapo ya risala zao walibuni kesi kati ya wanyama na binadamu mbele ya mfalme wa majini, yaani viumbe wa jamii ya jini. Chanzo cha kesi hiyo ni jahazi lililosukumwa na dhoruba hadi kisiwa ambacho wanyama wake waliishi bila bughudha, na watu walioshuka humo wakaanza kuwatumikisha kana kwamba walizaliwa watumwa wao. Binadamu wanadai ubora kwa umbo lao, kwa akili zao, kwa sanaa na dola zao, na kila dai linajibiwa na mnyama mmoja au mwingine kwa hoja ambayo mfalme hawezi kuitupa. Mwishoni binadamu wanashinda, lakini kwa hoja moja tu, kwamba wao ndio watakaofufuliwa na kulipwa, na kwamba miongoni mwao wamo mawalii na wacha Mungu. Msomaji anayefuatilia kesi hiyo kwa makini hugundua kwamba ushindi huo ni mzito kuubeba: cheo pekee ambacho mtu amekithibitisha mahakamani ni cheo cha kuwa kiumbe atakayeulizwa. Anayeshinda kesi kwa sababu atahesabiwa hawezi kuutumia ushindi wake kama kibali cha kutohesabiwa.

Suala la chombo nalo lina sehemu yake. Ngalawa, mtumbwi wa gogo moja uliowekewa ndubi, yaani mbao za pembeni zinazouzuia usipinduke, huenda kwa tanga, na nahodha wake hawezi kumfuata pomboo anakotaka, kwa kuwa upepo haupokei amri. Akimwona, amemwona kwa sababu pomboo mwenyewe amekaribia. Boti ya mashine imeondoa mpaka huo, na kwa kuwa watalii wamelipa na wana saa chache, manahodha huitana kwa simu hadi kundi moja linazungukwa na boti nyingi kwa wakati mmoja. Si haki kumlaumu nahodha peke yake, naye ana watoto wa kulisha, lakini ni haki kusema kwamba zamani adabu ililindwa na udhaifu wa chombo, na leo, chombo kikiwa na nguvu, haina mlinzi isipokuwa dhamiri ya anayekiendesha.

Wapo watakaosema kwamba masharti makali yatawafukuza wageni na kuwarudisha wavuvi kwenye chusa. Hofu hiyo ina msingi, na hatari ya jarife, nyavu kubwa zenye macho mapana ambazo huwanasa pomboo bila kukusudiwa, bado ipo. Hata hivyo kumwokoa mtu na kisu hakumpi mwokozi ruhusa ya kumnyima usingizi, na riziki inayotegemea mnyama aliyechoka haina umri mrefu.

Hukumu inayoelekea kuwa sahihi, kwa hiyo, ni kwamba kumtazama pomboo ni halali na pengine ni ibada kwa anayezingatia, lakini kumfukuza, kumkatia njia na kumrukia majini akiwa na mtoto ni dhuluma, hata pasipo tone la damu. Upo mfano wa kufuata: Misali, kisiwa kilicho magharibi mwa Pemba ambacho wenyeji husimulia kwamba Nabii Hadhara alikifanya msala wake, kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na muda mfupi baadaye mafunzo ya Qurani kuhusu amana yakapelekwa kwa wavuvi wake kwa msaada wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Birmingham, Uingereza, ili kupinga uvuvi wa kuharibu. Mahatibu wa Kusini Unguja wanaweza kulifanyia suala la pomboo vivyo hivyo katika hotuba za Ijumaa, na wanapaswa kuanza na manahodha, kwa kuwa wao ndio wanaoshika usukani.