Kupenda na Kupima

Hapana neno litamkwalo kwa wepesi na kuthibitishwa kwa taabu kama neno "bora". Watu hulitumia kwa chakula, kwa mavazi, kwa shule na kwa mji wao. Lakini hawalitumii kwa ukali popote kama katika nyimbo. Mwambie mtu kuwa nyumba yake ni ndogo, atastahimili. Mwambie kuwa mwimbaji wake hajui kuimba, mtakosana. Swali langu kwako, msomaji, ni hili: Je, tuna haki ya kupima sauti ya mtu kwa sauti ya mwingine? Na kama tunayo, mizani yetu iwe ya namna gani?

Nililelewa Mombasa, kando ya Ndia Kuu, njia ianzayo karibu na Ngome ya Yesu na kupita ndani ya Mji wa Kale. Utotoni mwangu walikuwapo wazee wawili majirani, waliokaa baraza moja kila jioni baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la kanda za taarabu. Wa kwanza alimpenda Juma Bhalo. Wa pili alimpenda Zein l'Abdin. Wa kwanza alisema kuwa sauti ya Bhalo humkamata mtu kifuani, na kuwa tuni zake za Kihindi humsimamisha njiani hata mwenye haraka. Wa pili alijibu kuwa tuni ya kuazima ni kama nguo ya kuazima, haisitiri. Akamsifu Zein, mwana wa Lamu, kwa udi wake na kwa mashairi ya kale aliyoyahuisha. Wa kwanza akasema kuwa udi ule humlaza msikilizaji usingizi. Neno likazaa neno. Jioni moja mmoja wao aliitoa kanda ya mwenzake katika mashine kabla ya wimbo kwisha. Tangu siku ile kila mmoja alikaa mlangoni pake, na salamu yao ikawa ya kujibu tu, si ya kuanza.

Nani alikuwa na haki? Kabla ya kuhukumu, yafaa tutenge mambo mawili ambayo wazee wale waliyachanganya. Kupenda ni habari ya mpendaji. Asemaye "nampenda Bhalo" ametupa habari za moyo wake, wala hahitaji shahidi. Wahenga wamesema, kipenda roho hula nyama mbichi. Na aile kwa raha yake. Lakini asiwaambie wageni kuwa imeiva. Maana asemaye "Bhalo ni bora kuliko Zein" ametoka moyoni mwake na kuingia barazani mwa watu. Ametoa dai juu ya wengine, na dai hutaka ushahidi.

Wako wasemao kuwa hapana bora wala duni, kila sikio na lake. Maneno haya yana upole, lakini hayana ukweli. Mwimbaji ameza maneno hata shairi lisitambulike ana kosa, ajapopendwa na mji mzima. Mwimbaji aupaye msiba tuni ya harusi ana kosa pia. Pumzi, matamshi, na ulinganifu wa tuni na maana ni mambo yapimikayo. Kama yasingepimika, mwalimu asingekuwa na la kufundisha, wala mwanafunzi asingekuwa na la kujifunza.

Hata hivyo kila kitu kina kipimo chake. Mchele hupimwa kwa pishi na nguo hupimwa kwa wari. Apimaye nguo kwa pishi hapati jawabu, hupata kichekesho. Bhalo alichukua mashairi ya wakati wake, mengi yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, mtungaji wa Malenga wa Mvita, akayavika tuni zilizokuwa masikioni mwa watu kutokana na filamu za Kihindi. Zein alifuata njia nyingine: alitafuta tungo za wazee na midundo ya ngoma za pwani, akaviweka juu ya nyuzi za udi. Mmoja alifungua dirisha lielekealo baharini. Mwingine alifungua kasha la nyumbani. Amlaumuye Zein kwa kuwa yeye si Bhalo hapimi kitu. Na apime kama kila mmoja alifika alikokusudia kwenda.

Tena iko haki ya mtu asiyeweza kujitetea. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyewahi kuuza vyungu kwa miguu, alikwenda Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Vijana wengi wazisikiapo leo hucheka mkwaruzo. Mkwaruzo ule ni wa sahani, si wa koo lake. Upande mmoja wa sahani ulichukua kiasi cha dakika tatu au nne, na wimbo ulioweza kurefushwa karamuni kwa kadiri ya furaha ya watu ulipaswa kukatwa ili uenee. Siti alifariki mwaka 1950. Hawezi kurudi kuimba mbele ya vyombo vizuri zaidi. Hakimu mwadilifu hutenga kosa la mshitakiwa na udhaifu wa shahidi. Msikilizaji naye ni hakimu.

Sasa nirudi kwa wazee wangu. Yule wa kwanza alitangulia kufariki. Mwenzake alishika jeneza pamoja nasi mpaka makaburini, asiseme neno. Miezi ikapita. Jioni moja, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nilipita dirishani pake nikasikia sauti ya Bhalo. Nilisimama, nikamwamkia, nikamwuliza, "Babu, umebadili mapenzi?"

Akajibu, "La, mjukuu wangu. Wangu ni Zein mpaka kufa. Lakini nyimbo za huyu nilizisikia barazani miaka mingi, wala sikuusikiliza hata mmoja. Kila mara nilikuwa nikingoja uishe."

Jawabu lile limenifaa kuliko vitabu vingi. Hakumwacha ampendaye, na hakuna aliyemtaka amwache. Alilotambua ni kuwa alitoa hukumu miaka mingi bila kusikiliza kesi, na kuwa hukumu ile ilimgharimu jirani.

Basi, msomaji, mpende mwimbaji umpendaye, wala usione haya. Lakini siku utakapotaka kusema kuwa fulani ni bora na fulani ni duni, iwe katika nyimbo, katika kabila, katika dini au katika jambo lo lote la wanadamu, jiulize kwanza: Nilimsikiliza, au nilikuwa nikingoja amalize?