Kuongeza Si Kuponya

Mfikirini binti mmoja kijijini. Viungo vyake vyalegea kuliko vya wenzake: leo bega lateguka, kesho goti. Akileta ndoo moja ya maji, misuli yake imekwisha nguvu. Majirani wasema, "Huyu ni mvivu." Mchuuzi asema, "Nunua unga huu, utapona." Je, nani kati yao amemtendea haki?

Kwanza ijulikane asili ya uchovu huo. Mwili ni kama nyumba ya miti: mifupa ni nguzo, nazo nyuzi zinazoiunganisha ni kamba. Nyuzi hizo hufanywa hasa kwa kitu kiitwacho kolajeni. Wako watu waliozaliwa na kamba dhaifu. Ugonjwa mmojawapo wa namna hiyo huitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili, mmoja wa Denmark, mwingine wa Ufaransa, walioueleza mwaka 1901 na 1908. Kamba ikilegea, misuli hulazimika kuzishika nguzo mchana kutwa. Ndiyo maana huchoka upesi. Basi aliyemwita binti huyo mvivu amemhukumu mtu afanyaye kazi maradufu.

Je, vidonge na unga wa kuongeza chakula havina faida? Vina faida penye upungufu. Mwaka 1747, daktari James Lind, mtu wa Uskoti, aliwatwaa mabaharia 12 wa merikebu Salisbury walioshikwa na kiseyeye, ugonjwa unaoanza kwa uchovu. Aliwagawa wawili wawili, akawapa vitu mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Miili yao ilikuwa imekosa vitamini C, na pasipo hiyo kolajeni haifanyiki vema. Kilichopungua kiliporudishwa, walipona.

Lakini kamba za binti yule ni dhaifu tangu tumboni mwa mama yake. Hata akila kapu zima la machungwa, urithi wake haubadiliki. Akipimwa na kuonekana amepungukiwa na madini ya chuma au vitamini D, apewe, maana upungufu huo huongeza uchovu juu ya uchovu. Ila kuzidisha kwaweza kudhuru: vitamini B6 nyingi mno huharibu mishipa ya fahamu. Msaada mkubwa zaidi kwake ni mazoezi ya polepole ya kuimarisha misuli, pamoja na kupumzika kwa kipimo.

Na mchuuzi je? Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, muuzaji wa vitu hivyo halazimishwi kuithibitishia serikali faida yake kabla ya kuviuza. Basi mchuuzi aweza kujitetea: "Sheria hainikatazi kuviuza." Ni kweli. Lakini dhamiri huuliza neno jingine: je, ulichomwahidi mgonjwa wakijua kuwa ni kweli? Amwahidiye uponyaji asioujua hamwibii fedha tu. Mgonjwa asipopona hujilaumu, hudhani hakunywa vya kutosha, auza na mbuzi wa mwisho ili anunue tena.

Kusema, "Hiki chaweza kukuongezea kilichopungua, lakini hakitakuponya," ni neno gumu. Hata hivyo ndilo neno la upendo, kwa sababu humwachia mgonjwa akili yake na mali yake.

Na jirani afanye nini? Asimwite mvivu, wala asimwahidi asichoweza. Ampokee ndoo.