Amri ya Nne Haiishii Kaburini

Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, mama akishafariki, amri hiyo nayo imeisha?

Mama yangu alifariki kwa saratani ya matiti. Tangu hapo watu huniuliza kaburi tutalijengea lini. Kaburi zuri ni jambo jema, lakini naona halitoshi.

Mtazameni Mtakatifu Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Alikuwa fundi wa lesi mjini Alençon, Ufaransa. Mwaka 1877, akiugua saratani hiyohiyo, alikwenda kuhiji Lourdes kuomba uponyaji. Hakupona. Alifariki Agosti 28 mwaka huohuo, Teresa akiwa na miaka 4 tu. Baada ya mazishi, Teresa alimchagua dada yake Pauline awe mama yake; Céline akamchagua Marie. Dada hao wakubwa wakabeba kazi aliyoiacha mama: kulea wadogo.

Kumbe heshima ndiyo hiyo! Mama akiwa hai, anatukumbusha na kutushukuru. Akishaondoka hakuna wa kutuuliza, na hapo ndipo inajulikana kama tulimpenda kweli. Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Kumwombea mama kwenye Misa na kumlipia mdogo wangu ada, kwangu ni amri ileile moja.

Wewe je, mama yako ameacha kazi gani ambayo haijaisha? Anzia hapo. Mama zetu wote marehemu wapumzike kwa amani. Amina.