Upande wa Barabara

Atokaye Ngara kwenda Rwanda hufika Rusumo, penye daraja la mto Kagera. Upande huu wa daraja magari hupita kushoto. Ng'ambo hupita kulia. Sisi tulivuka hapo ndani ya lori, na dereva wetu, mzee aliyeizoea njia hiyo, akapunguza mwendo, akanyamaza, akahamia upande wa pili kama mtu avuaye viatu mlangoni kwa mwenyeji wake.

Utingo wake, kijana aliyehitimu kidato cha nne, akatugeukia na kusema: "Mnaona, mzee? Lililo kosa kule ni haki huku. Basi na maadili yote ni vivyo hivyo." Neno hilo tumekaa nalo siku nyingi. Si la kupuuzwa, na walimu bila shaka wamelisikia madarasani.

Tukubali kwanza lililo kweli ndani yake. Kushoto hakuna wema kuliko kulia. Sisi tuliolelewa kuona haya kumpa mzee kitu kwa mkono wa kushoto, hatujapata kuona haya kupita kushoto barabarani! Upande huo tuliurithi kwa Mwingereza, kama Rwanda na Burundi walivyourithi wa kwao kwa Mbelgiji. Wala urithi haukufuata bendera daima. Ureno ilihamia kulia mwaka 1928, lakini Msumbiji, iliyokuwa chini yake, ilibaki kushoto, kwa kuwa majirani zake walipita kushoto. Ghana nayo, iliyozungukwa na nchi zipitazo kulia, ilihamia kulia mwaka 1974. Ujirani ulikuwa na nguvu kuliko ukoloni.

Hata hivyo, jambo lisilo na wema wala ubaya kwa asili yake, watu wakishapatana juu yake, si dogo tena. Tuwatazame Waswidi. Mwaka 1955 waliulizwa kwa kura kama wahamie kulia, na watu wapatao 83 katika kila 100 wakakataa. Bunge lao likaamua vingine mwaka 1963, na tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima ikahama. Magari yalisimama, yakavuka polepole hadi upande wa pili, yakangoja saa itimie. Kuipita kura ya wengi namna ile twaona ni jambo la kutia shaka. Lakini je, yule aliyekataa mwaka 1955 angeweza kuendelea kushoto asubuhi ile, akidai kuifuata dhamiri yake? Asingekuwa shujaa wa dhamiri, angekuwa mwuaji.

Hapo ndipo kijana wetu alipoteleza. Aliuona upande ukibadilika, hakukiona kisichobadilika. Mtoto avukaye barabara Ngara na mtoto avukaye barabara Kirehe, uhai wao ni mmoja, na sheria zote mbili zimewekwa kwa ajili yao. Hakuna daraja ambalo ukishalivuka, kumgonga mtoto huwa halali.

Zipo desturi zetu zilizo upande wa barabara tu: nani aanze kunawa, nani aanze kusalimu. Mgeni huzifuata za mwenyeji wake bila kupungukiwa na utu. Lakini wapo wanaomnyang'anya mjane shamba, kisha wakiulizwa hujibu kwamba kwao ndivyo ilivyo, kana kwamba mjane yule na wanawe ni alama zilizochorwa njiani, ambazo wazee wangeweza kuzichora kwingine.

Haya hatukuyasema siku ile, maana hatukupata nafasi. Usukani wa lori letu ulikuwa kulia, na katika nchi ya kupita kulia dereva hawezi kuona mbele atakapo kulipita gari jingine. Ilimlazimu amtegemee utingo, aliyekaa dirishani upande wa kushoto. Kijana yule akatoa kichwa nje, maadili ameyasahau kabisa.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza, kuna mtu na baiskeli."

Mzee akangoja.