Waliofiwa Wanatufundisha Nini?

Mwaka 1997 Smadar, binti wa Rami Elhanan, Mwisraeli, aliuawa katika shambulio la kujitoa mhanga mjini Yerusalemu. Alikuwa na miaka 13. Mwaka 2007 Abir, binti wa Bassam Aramin, Mpalestina, aliuawa kwa risasi ya mpira iliyopigwa na polisi wa Israeli karibu na shule yake huko Anata. Alikuwa na miaka 10. Wazazi hawa wangeweza kushika njia ya kisasi. Badala yake wamezunguka dunia pamoja, wakizungumza kwa niaba ya jumuiya ya familia zilizofiwa za pande zote mbili, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Wapo watakaosema kwamba urafiki wa wachache hauondoi vizuizi vya barabarani wala haurudishi ardhi. Ni kweli, na wazazi hawa wenyewe wanadai ukaliaji wa mabavu wa Israeli katika ardhi ya Wapalestina, ulioanza mwaka 1967, ukome. Wengine watasema kwamba baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, na makumi ya maelfu waliouawa Gaza, maridhiano ni ndoto. Lakini silaha zimejaribiwa kwa miongo mingi, na hakuna upande uliopata usalama. Maridhiano bila haki ni maneno matupu. Na haki isiyotambua utu wa jirani huzaa kisasi kipya. Basi leo tukisikia habari za msiba kutoka huko, tusiulize kwanza marehemu ni wa upande gani. Kila aliyekufa ni mtoto wa mtu.